Chavua Imenishika: Kinachonisaidia na Nisichokiamini

Haya wapendwa, karibuni tena. Najua mtaanza na macho yangu mekundu. Silii, wala sijaachwa na mtu. Ni chavua, ule unga wa maua. Baridi imeondoka, miti inachipua, na huku ukipanda basi asubuhi unasikia chafya tu mpaka unaposhuka.

Mtu alikuwa mzima wa afya nyumbani, kafika ughaibuni ndiyo kaanza mzio? Inatokea sana. Mgeni anaweza kupita msimu wa kwanza salama salimini, maana kinga ya mwili haijaitambua bado hiyo chavua ngeni. Misimu ikipita, kinga inaikariri kama adui. Hapo kila chembe ikigusa pua, seli zinamwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayoleta muwasho, chafya na kamasi jepesi kama maji. Ukiona na homa juu yake, hilo si la chavua, tafuta sababu nyingine.

Halafu msiyasingizie maua ya kupendeza. Chavua yake ni nzito, inanata, inangoja nyuki. Wanaotutesa ni miti ya upepo: mwaloni, mzeituni, na ule mbetula wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Maua yake hata huyatambui. Baadaye nyasi nazo zinaingia zamu.

Kwa hiyo mkinishauri asali ya nyuki wa jirani, eti inatibu mzio wa chavua, mimi siamini. Chavua iliyomo humo kwa sehemu kubwa ni ya maua ya nyuki, si ile ninayopuliziwa usoni na upepo. Kula asali kwa utamu wake, ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Ninachokiamini mimi ni kuosha pua kwa maji na chumvi. Unachemsha maji yatokote vizuri kwa dakika 1, unayaacha yapoe mpaka vuguvugu. Lita 1, gramu 9 za chumvi, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu, na iwe chumvi tupu isiyo na madini joto. Unainama juu ya sinki, kichwa unakilaza upande, unapumua kwa mdomo, kisha unamimina taratibu kwenye tundu la juu kwa kibirika chenye mdomo mwembamba. Maji yanatokea tundu la chini na uchafu wote. Mara ya kwanza utajiona kituko, sikufichi. Lakini ukikosea chumvi ndiyo utajuta, maana maji matupu yanachoma mpaka kwenye paji la uso.

Na hapa nisikilizeni vizuri: msitumie maji ya bomba yasiyochemshwa. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anaitwa Naegleria fowleri. Ukimmeza tumboni hakudhuru, akipitia puani anaweza kufika kwenye ubongo, na wachache sana wanapona. Ni nadra, sawa, ila kuchemsha maji kunakugharimu nini? Kibirika nacho kioshe, kikauke.

Mengine ni kuizuia chavua isiingie ndani. Nikirudi nyumbani nabadili nguo, na usiku naosha nywele kabla ya kulala, la sivyo chavua inahamia kwenye mto na unaivuta mpaka asubuhi. Nguo sianiki nje. Siku kavu yenye upepo madirisha yanafungwa, miwani ya jua haivuliwi. Mafuta ya mgando kidogo kuzunguka matundu ya pua yananasa chembe. Macho yakiwasha, kitambaa cha maji baridi. Ukiyafikicha unayachokoza tu.

Mvua ya rasharasha inatupa nafuu, inaiangusha chavua chini. Ngurumo ni hadithi nyingine. Dhoruba inaweza kuipasua chavua ikawa vipande vidogo vinavyopenya hadi kwenye mapafu. Melbourne, Australia, Novemba 2016, dhoruba ya namna hiyo ilijaza hospitali kwa usiku mmoja, na watu 10 walifariki. Radi ikianza, mwenye mzio abaki ndani.

Kwa hiyo kifua kikibana, ukasikia mluzi unapopumua, achana na kibirika changu. Hiyo huenda ni pumu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Na kama pumzi inakata, ita gari la wagonjwa.