Maynor Figueroa: mechi 181 na bao moja la Stoke

MWANAIDI: Kabla hatujaingia kwenye maisha ya soka ya Maynor Figueroa wa Honduras, ni lazima nieleze kilichotokea Jumamosi, kwa sababu bila hicho leo tungekuwa tunamzungumzia mchezaji mwingine. Nilikuwa nachezesha mechi ya wasichana. Beki wa kushoto wa timu ya wageni alichezewa faulo ndani ya nusu yake ya uwanja, akautuliza mpira, akainua kichwa na kupiga palepale, wakati wapinzani wangali wakinilalamikia. Golikipa alikuwa amesogea mbele, mpira ukampita juu na kuingia. Kocha wa wenyeji akaja mbio akidai kwamba bao ni batili kwa kuwa sikupuliza filimbi ya kuruhusu.

KASSIM: Nawe ukalikubali bao.

MWANAIDI: Nililikubali, na lingetokea leo ningelikubali tena. Filimbi ya kuanzisha upya inahitajika pale mwamuzi anapokuwa amesimamisha mchezo ili atoe kadi, apange ukuta, au majeruhi atibiwe. Nje ya hapo, mpira ukiwa umetulia mahali pa kosa, mpigaji ana haki ya kuanza haraka, na mpinzani ambaye hajarudi nyuma mita 9.15 hawezi kuufanya uzembe wake kuwa ngao. Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mwanangu bao la Figueroa la tarehe 12 Desemba 2009, klabu yake ya England, Wigan, ilipokuwa ugenini kwa Stoke City, na ndipo nikakupigia simu.

KASSIM: Uliponitajia Stoke, nilikuuliza swali moja tu.

MWANAIDI: Golikipa alikuwa wapi. Dada na kaka wanaotufuatilia tangu mwanzo wanajua kwamba hulionei bao lolote furaha kabla ya kuuliza swali hilo.

KASSIM: Ni swali la haki. Thomas Sorensen, golikipa wa Stoke, alikuwa mbali na mstari wake wa goli. Figueroa aliuanzisha mpira wa adhabu haraka, ndani ya nusu yake mwenyewe, ukaruka juu ya kila mtu ukaingia. Ni pigo zuri, silikatai. Hata hivyo, naona huzuni kubwa kwamba ukiliandika jina la mtu huyu kwenye intaneti, kitu cha kwanza unacholetewa ni sekunde hizo chache, wakati huyu ni mtu aliyezaliwa Jutiapa, katika mkoa wa Atlántida, akapitia klabu ya Victoria ya La Ceiba, akawa nguzo ya klabu ya Olimpia hukohuko Honduras, akaenda England kwa mkopo Januari 2008 na kubaki huko miaka mingi. Hakuna aliyeichezea Honduras mechi nyingi kuliko yeye. Amecheza 181, na Amado Guevara anayemfuata ana 138. Tuanze na hiyo 181, Dada Mwanaidi.

MWANAIDI: Tutaifikia, lakini umelipita bao upesi mno. Kumbuka hali ya Wigan wakati ule. Wiki tatu kabla yake, tarehe 22 Novemba, walikuwa wamefungwa mabao 9 kwa 1 na Tottenham, na miongoni mwa waliokuwa upande wa Tottenham msimu ule ni Wilson Palacios, Mhonduras mwenzake aliyekuwa naye Wigan hadi Januari 2009. Timu iliyoaibishwa kiasi hicho kwa kawaida hucheza kwa woga, kila beki akitoa pasi fupi ili lawama imwangukie mwenzake. Katika hali hiyo beki wa kushoto anautuliza mpira nyuma ya mstari wa kati na kuona nafasi ambayo wachezaji wengine wote uwanjani hawakuiona. Kwangu mimi, hapo ndipo Figueroa anapojulikana kuwa ni nani.

KASSIM: Mechi ile iliishaje?

MWANAIDI: Sare ya 2-2. Ryan Shawcross wa Stoke alisawazisha muda mfupi baadaye.

KASSIM: Basi pigo lile halikuleta hata ushindi. Nilicheza beki ya kushoto kwa muda mrefu, ingawa ni kwenye viwanja vya mchanga, na ninajua kwamba kazi ya beki hupimwa kwa mambo yasiyotokea: krosi isiyopigwa, winga anayehamia upande wa pili kwa kuwa amechoka kukabwa. Ukitaka bao lenye uzito, mpe lile la Machi 2013 katika robo fainali ya Kombe la FA, kwenye uwanja wa Everton, alipofunga kwa kichwa bao la kwanza kati ya matatu ya Wigan. Wigan wakaenda hadi fainali na kuwafunga Manchester City 1-0 kwa bao la Ben Watson la dakika za nyongeza. Figueroa hakucheza fainali hiyo kwa sababu alikuwa majeruhi, na Roger Espinoza ndiye aliyeiwakilisha Honduras uwanjani. Siku tatu baadaye klabu ikashuka daraja. Mtu aliyeufungua mlango wa Everton hakuwepo siku ya kombe, na bado tunazungumza kuhusu Stoke!

MWANAIDI: Tunazungumza kuhusu Stoke kwa sababu bado hujajibu. Golikipa kuwa mbele ya goli lake si zawadi. Ligi nzima ilikuwa na magolikipa wanaosimama mbele timu yao inaposhambulia, na mabeki walikuwa wakiwatazama kila wiki bila kupiga. Tofauti iko kwa anayepiga.

KASSIM: Tofauti iko kwa anayerudi kucheza wiki inayofuata, na inayofuata. Tuje kwenye timu ya taifa.

MWANAIDI: Sawa, na hapa nitasema jambo litakalokuudhi. Namba 181 ni kubwa, lakini sehemu yake imetengenezwa na ratiba. Nchi za Amerika ya Kati zilikuwa na kombe lao la kanda hadi 2017, pamoja na Kombe la Dhahabu, yaani kombe la mataifa ya Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi, kila baada ya miaka miwili, na mchujo mrefu wa Kombe la Dunia, ambao kwa miaka yake mingi ulimalizika kwa kundi la timu sita lenye mechi 10. Mchezaji anayewahi kuanza na asiyeumia mara kwa mara atakusanya mechi nyingi huko kuliko kwingineko. Ukitazama Makombe ya Dunia mawili aliyocheza, 2010 na 2014, Honduras ilicheza mechi sita, ikapata sare moja ya 0-0 na Uswisi kule Afrika Kusini, na ikafunga bao moja tu, la Carlo Costly dhidi ya Ecuador.

KASSIM: Kweli limeniudhi. Ratiba haimwiti mchezaji kambini, kocha ndiye humwita. Reinaldo Rueda alimwita, Luis Fernando Suárez akamwita, Jorge Luis Pinto akamwita, nao ni makocha wenye mitazamo tofauti kabisa. Mwaka 2014 Emilio Izaguirre alikuwa beki bora wa kushoto, na Figueroa akahamia katikati ya ulinzi ili wote wawili wacheze. Guevara aliishi katika ratiba hiyohiyo, mbona ameachwa kwa mechi 43? Kisha usisahau kwamba kabla ya 2010 Honduras ilikuwa imecheza Kombe la Dunia mara moja tu, mwaka 1982. Kizazi chake kiliipeleka mara mbili mfululizo na kufika nusu fainali ya Kombe la Dhahabu mwaka 2005, 2009, 2011 na 2013.

MWANAIDI: Kizazi, umesema mwenyewe. Palacios, David Suazo, Carlos Pavón, Noel Valladares. Nakubali kwamba Figueroa alikuwa ndani yake. Sikubali kwamba idadi ya mechi inamweka juu yao.

KASSIM: Nami sikubali kwamba pigo moja la Stoke linasema zaidi ya miaka yote aliyovaa jezi ya nchi yake. Novemba 2017, katika mchujo wa mwisho wa kufuzu Kombe la Dunia la 2018 dhidi ya Australia, walitoka 0-0 San Pedro Sula, kisha wakafungwa 3-1 Sydney, mabao yote matatu yakiwa ya Mile Jedinak. Figueroa alikuwa na miaka 34 na bado alikuwa nahodha. Baada ya maumivu yale angeweza kustaafu, lakini aliendelea na timu ya taifa huku akicheza Marekani, kwanza FC Dallas na baadaye Houston Dynamo.

MWANAIDI: Hilo ninaliheshimu kwa moyo wote, Kaka Kassim, lakini halijibu hoja yangu.

KASSIM: Linaijibu kabisa. Wewe ndiye hutaki kuliona jibu.

MWANAIDI: Fundi wetu ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili. Tulikuwa tumeandaa mafunzo matatu kwa mabeki chipukizi kutoka katika maisha ya Figueroa, na hatujasoma hata moja.

KASSIM: Tuyaache. La kwanza lilihusu kubadilisha nafasi uwanjani, nalo linahitaji kipindi kizima. Afadhali dakika hizi mbili nizitumie kwa kocha Steve Bruce, aliyempeleka Wigan mwaka 2008 na kumchukua tena Hull City mwaka 2013. Kocha hamrudii beki kwa ajili ya bao la mbali.

MWANAIDI: Pengine alimrudia kwa ajili ya macho yaleyale yaliyoliona goli la Stoke likiwa wazi.

KASSIM: Golikipa alikuwa wapi?