Bonyeza Povu Kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari zenu.

Nimekuja na kofia hii ya baiskeli, ya bluu. Nimeinunua mitumbani, hapa hapa Tabora. Inang'aa, sivyo? Sasa nabandua vitambaa vya ndani. Sogeeni. Mnauona ufa huu, kutoka juu ya sikio mpaka kisogoni? Povu hili jeupe ni ndugu wa lile linalokuja na televisheni ndani ya boksi. Kazi yake ni kupondeka. Kichwa kikigonga lami, lipondeke lenyewe ili fuvu lipone, na likishapondeka halirudi. Mtu alishaanguka ameivaa kofia hii huko ilikotoka, ikaoshwa, ikapandishwa meli. Kofia ya baiskeli ni ya ajali moja. Moja! Nimesema kata ya Ipuli, nimesema kata ya Isevya, na bado naletewa kofia iliyopasuka imepakwa gundi.

"Fundi, mpya ni ghali." Najua, nami nanunua mitumbani. Lakini bandua vitambaa, pitisha dole gumba povu zima, tafuta ufa na mabonde. Soma lebo ndani: EN 1078 ni kiwango cha usalama cha Ulaya, CPSC ni cha Marekani. Ukikuta ufa, acha, hata muuzaji akikupunguzia bei mara tatu.

Haya, kuvaa. Mama, niazime mwanao. Mnaona alivyoivaa kofia yake, paji la uso lote liko wazi? Akirushwa mbele, paji ndilo linalotangulia chini. Tunashusha mpaka vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini ya sikio kama herufi V, na kidevuni kipite kidole kimoja. Piga miayo, mwanangu. Kofia imevutwa chini kidogo, basi imekaa.

Nasikia huko nyuma, "Tumnunulie kubwa, atakua." Hapana, mama! Sare ya shule sawa, kofia hapana. Kubwa inageukia kisogoni kabla kichwa hakijafika chini. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha juu ya nyusi mpaka kisogoni, ulinganishe sentimita na lebo. Aliyesuka apimwe na nywele zake. Mtandio mwepesi ndani ya kofia sawa, kilemba kizito hapana.

Joto? Matundu hayo ni ya upepo. Na anayesema anakwenda hapo karibu, Cheyo tu, lami ya Cheyo ni lami.

Muda umeniishia. Walioleta kofia wapange mstari hapa mbele. Naanza na watoto.