Kwa nini mota ya sinkronasi haipunguzi mwendo

Habari za asubuhi. Kabla sijaandika chochote ubaoni, someni vibati vya mota hizi mbili hapa mezani. Zote za ncha nne za sumaku, zote za hezi 50, yaani umeme unaobadilika mizunguko 50 kila sekunde. Kibati cha kwanza, cha mota ya induksheni, kinasema mizunguko 1440 kwa dakika. Cha pili, cha mota ya sinkronasi, kinasema 1500. Si 1499.

Hesabu mnaijua: 120 mara hezi, gawanya kwa idadi ya ncha. Hiyo 1500 ni kasi ya uga wa sumaku unaozunguka ndani ya stata, sehemu ya mota isiyozunguka. Mota ya induksheni lazima ibaki nyuma ya uga, maana ikiufikia, rota, yaani sehemu inayozunguka, haikatwi tena na uga, haipati mkondo, inakosa nguvu. Ya sinkronasi haisubiri kupewa mkondo na stata. Rota yake ni sumaku tayari, iwe ya kudumu au ya koili zinazolishwa mkondo mnyoofu (DC), basi ncha zake hunasana na za uga na kwenda nazo.

Mzigo ukiongezeka je? Nasikia huko nyuma mnasema itapunguza mwendo. Haipunguzi! Chukueni mkokoteni unaovutwa kwa ukanda wa tyubu. Ukipakia madumu zaidi, mpira unarefuka, mkokoteni unabaki nyuma kidogo, lakini mwendo wako na wake ni ule ule. Kwenye mota, urefu ule wa mpira ni pembe: rota inachelewa nyuzi kadhaa nyuma ya uga, kisha inaendelea kwa kasi ile ile. Pembe ikikua, nguvu ya kuzungusha nayo inakua, hadi nyuzi 90 za umeme, zinazopimwa kwa jozi ya ncha, kwa rota ya duara. Ukipita hapo, mpira umekatika. Rota inachomoka, mkondo unapanda, mashine inatetema, na kama kinga haikuwahi kukata, kazi inayofuata ni kusuka koili upya.

Kuiwasha ndiyo shughuli. Kwa mota ya ncha mbili uga unapita mara 50 kila sekunde. Rota iliyosimama inavutwa mbele, na kabla haijasogea inavutwa nyuma. Inanguruma tu. Hata daladala likishachanganya, hulidandii ukiwa umesimama, unakimbia kwanza. Ndiyo maana rota kubwa huwekewa fito za shaba zilizounganishwa mwishoni: mota inaanza kama ya induksheni, ikikaribia kasi ndipo unaipa mkondo mnyoofu, inanaswa. Fito hizo hizo baadaye huituliza rota mzigo ukibadilika ghafla na kuifanya iyumbe. Na inapoanza, koili za rota msiziache wazi! Zifungeni kupitia rezista, la sivyo volti inayoibuka humo inatoboa insulesheni. Napaza sauti kwa sababu nimeyaona. Pikipiki za umeme hukwepa shida yote hii: kidhibiti huanza na hezi chache, kikapandisha taratibu.

Ukizidisha mkondo wa rota, mota inageuka kuwa kama kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, kwa kiwanda kizima. Hilo linataka michoro, tutalifanya wiki ijayo.

Nyumbani mnayo ndogo, chini ya sahani ya maikrowevu. Zima, washa: mara inazungukia kulia, mara kushoto. Rota inafuata upande wowote uliowahi kuinasa.

Saa nyingi za Ulaya zinazotumia umeme wa gridi, kama za majiko, huhesabu mizunguko ya umeme vivyo hivyo. Kuanzia katikati ya Januari hadi mapema Machi 2018, mzozo wa Serbia na Kosovo uliacha umeme unaotumika ukizidi unaozalishwa, wastani wa gridi ukashuka hadi hezi 49.996. Tofauti ya kucheka, sivyo? Pigeni hesabu ya majuma saba. Saa zilichelewa karibu dakika 6, na hakuna hata moja iliyokuwa mbovu. Baadaye gridi ikaendeshwa juu kidogo ya hezi 50 ili kufidia, zikarudi zenyewe. Aliyekuwa ameharakisha kurekebisha yake kwa mkono ndiye aliyejikuta dakika kadhaa mbele ya wenzake.