Namba Imekubali, Kadi Imekataa

Asanteni. Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na saa.

Sitawachosha kwa kueleza daraja ni nini: kampuni huikagua kadi ya michezo, huipa alama ya ubora kuanzia 1 hadi 10, kisha huifunga kwenye kasha la plastiki lenye lebo na namba ya cheti. Kila aliyeko humu anajua kwa nini 10 inampandisha mtu presha. Nimekuja na jambo nililolisema mwaka jana na mwaka juzi, na nitalisema mpaka mnichoke: ukiingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni ikasomeka, hujathibitisha kwamba kasha ulilolishika ni la kweli. Umethibitisha kwamba namba hiyo ipo. Basi.

"Lakini mzee, nimeitafuta, ikaleta kadi ile ile, mwaka ule ule, daraja lile lile!" Najua. Kwani mghushi hana intaneti? Ameingia kwenye mnada, ameona picha ya kasha halali, amenakili namba kama ilivyo. Kama wote wangekuwa wajinga wa kubuni namba za kichwani, mimi leo ningekuwa nyumbani nimelala.

Kijana mmoja aliniletea kadi ya Michael Jordan iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, ile namba 57, lebo inasema PSA 10, yaani daraja la juu kabisa la kampuni ya PSA. Kwa aliyesahau, Januari 2021 kadi hiyo yenye daraja hilo iliuzwa mnadani kwa dola 738,000, na ya 9 haifiki hata robo ya bei ya 10. Kijana alikuwa ameshafanya kila alichofundishwa: namba imekubali, msimbo umesomeka kwenye simu, hologramu inang'aa. Anatabasamu. Nikamwambia, funika lebo kwa kidole gumba. Akadhani natania. Funika! Haya, sasa niambie unaona nini.

Kimya. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama kadi yenyewe tangu ainunue. Ukingo wa kushoto mnene, wa kulia mwembamba kama uzi. Pembe ya chini, upande wa kulia, imechakaa, ncha yake imeota manyoya meupe. Tukafungua picha iliyohifadhiwa chini ya namba ile. Kwenye picha, ukingo mnene ni wa kulia, na pembe zote nne ni kali. Sasa jamani, kadi inaweza kufifia, inaweza kupinda, lakini haiwezi kuhamisha ukingo wake ikiwa ndani ya kasha.

Na sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo watu wanapopotea: kadi ilikuwa halali. Karatasi halali, wino halali, Jordan ni Jordan. Kilichoghushiwa ni sifa yake. Ni kama mtu mwenye cheti bandia cha udaktari: mpime damu, mpige picha ya mifupa, utakuta ni binadamu kamili. Ndiyo maana ukija na vipimo vyako vya kadi bandia, inavipita vyote, nawe unafurahi. Mei 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki watu wawili kwa mpango wa aina hii, wa zaidi ya dola milioni 2: kadi za daraja la chini, wakasema, zilivalishwa lebo za juu.

Kuna anayeniuliza kimoyomoyo, je, kama namba haina picha? Za zamani nyingi hazina. Tafuta minada iliyopita yenye namba hiyo. Kila kadi ina alama zake za kuzaliwa: kitone cha wino, jinsi ilivyokatwa, upana wa kingo. Na ukikuta wauzaji wawili leo hii wanauza namba moja, yupo mwongo, pengine wote wawili. Muuzaji akikataa kukupigia picha ya mbele na nyuma bila mng'ao wa taa, achana naye. Huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

"Kwa hiyo lebo ikiwa halali, tumemaliza?" Nani kasema? Kadi ya mchezaji wa besiboli Honus Wagner, ya mfululizo wa T206, ile iliyowahi kuwa ya nyota wa hoki Wayne Gretzky, ilipewa 8 na PSA, na ndiyo kadi ya kwanza kabisa waliyoipa daraja. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada ya kadi, akakiri kwamba aliipunguza kingo. Lebo ya kweli kabisa, kadi imepitiwa na wembe! Lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine, naona mwenyekiti ameinua vidole vitano.

Haraka basi. Lebo yenyewe: chukua lenzi ya kukuzia uangalie herufi nyeusi. Lebo iliyotoka kwenye printa ya mezani mara nyingi ina vitone vya rangi vimetapakaa kando ya herufi, kama masizi. Kasha: pitisha ukucha kwenye maungio. Ukikuta gundi, ufa, au weupe wa plastiki iliyobanduliwa, liweke chini. Umbo la herufi na nafasi kati ya tarakimu, linganisha na kasha la kipindi kile kile, siyo la jana, maana kampuni hubadili lebo zao. Taa ya urujuanimno nilitaka kuizungumzia, naiacha.

Maswali? Wewe pale nyuma, uliyeshika kasha kifuani. Nimekuona tangu nianze, kila nikisema neno "kingo" unalichungulia. Njoo nalo hapa mbele. Ila funika lebo kwanza.