Haiku beta5 kwenye laptopu ya Core 2 Duo: mfumo unakimbia, brauza ndo inahema

SHABANI: Mwakeye jamani, karibuni tena, leo tunarekodia hapahapa Mwanga, Kigoma, kibandani kwangu, na mkisikia bodaboda anapiga honi katikati ya maneno mtuvumilie tu maana huu mlango tukiufunga tunaiva humu ndani.

ANITHA: Mwakeye, mwakeye. Mi nasema mapema kabisa, leo nimekuja kubisha. Fundi kanipigia simu eti dada njoo uone ile laptopu imefufuka, nikajua kaweka Windows 11 kwa njia za panya, nafika hapa nakuta kitu hata sikijui, madirisha yana vichwa vya njano.

SHABANI: Windows 11 hapa haipiti dada. Ile inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, inataka ramu giga nne, inataka prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane, na hii ni Core 2 Duo, ukoo ulioanza 2006, ramu giga mbili, hadidiski bado ile ya kuzunguka. Na Windows 10 nayo Microsoft walifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo watu wanazileta hapa wananiambia fundi nunua hata kwa bei ya spea.

ANITHA: Sasa si ndo pale watu wanasema weka Linux, ule mfumo wa bure, yaishe?

SHABANI: Linux tutaifikia, usinitoe kwenye reli. Hiki nilichoweka kinaitwa Haiku, toleo R1 beta5, yaani bado la majaribio, lilitoka Septemba 2024, na sio Linux, sio Windows, ni ukoo wa peke yake. Kulikuwa na kampuni ya Be, aliianzisha Jean-Louis Gassée baada ya kutoka Apple, wakatengeneza mfumo unaitwa BeOS, ulikuwa moto kweli miaka ya tisini, video na muziki vinacheza pamoja bila kukwama wakati wenzao bado wanasuasua. Apple wenyewe 1996 nusura waununue, wakaghairi, wakachukua NeXT ya Steve Jobs, na ndo hivyo Jobs akarudi nyumbani.

ANITHA: Na Be wakabaki na mfumo wao mkononi.

SHABANI: Wakabaki nao, wakahangaika hangaika, 2001 mali zao zikanunuliwa na Palm kwa dola milioni 11, BeOS ikafa. Ila wapenzi wake wakasema haifi, mwaka huohuo wakaanza kuiandika upya, kodi ya wazi, yaani maandishi ya programu yenyewe kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, bure, na ndo hii unayoiona. Alpha ya kwanza ikatoka 2009, beta ya kwanza 2018...

ANITHA: Ngoja ngoja ngoja. Beta ya kwanza 2018, na leo bado ni beta? Fundi, kuna mtoto kazaliwa kipindi hicho sasa hivi anakuja kuprintiwa mitihani dukani kwangu.

SHABANI: [anacheka] Sikatai. Lakini uelewe beta ya hawa sio kama ile ya kampuni kubwa, kwamba baada ya miezi kadhaa wanakutolea kamili. Hawa ni wengi wa kujitolea, usiku baada ya kazi, wana mprogramu mmoja tu wa mkataba tangu 2021 analipwa kwa michango ya watu. Na walijiwekea lengo gumu, toleo la kwanza kamili lifanye yote iliyokuwa inafanya BeOS, na ile ya biti 32 mpaka leo inafungua programu zilizotengenezwa kwa ajili ya BeOS yenyewe. Programu ya miaka ishirini na ushee inafunguka!

ANITHA: Haya, nani Kigoma ana programu ya BeOS?

SHABANI: Hakuna. Nakubali. Hakuna hata mmoja.

ANITHA: Basi tuambie uliiwekaje, maana wasikilizaji wetu wanataka mikono sio historia.

SHABANI: Faili ni la giga moja na kitu, nikanunua bando la usiku nikaliacha linashuka, asubuhi nikaliandika kwenye fleshi, nikachomeka, nikabuti. Haiku ikianza inakuletea nembo na chini yake mstari wa vialama, vinawaka kimoja kimoja, kila kimoja ni hatua, cha mwisho ni roketi. Raha yake ni kwamba ikigoma unajua imegomea wapi. Yangu ikawasha vyote mpaka roketi, alafu skrini ikawa nyeusi tii.

ANITHA: Hapo mteja ameshaanza kukuangalia vibaya.

SHABANI: Hapo mtu anazima anasema beta takataka. Sasa sikilizeni, ukiwasha shikilia Shift kwa hizi mashine za zamani zinazowashwa na BIOS, kwa zile mpya za UEFI ni spesi, inakuletea menyu kabla mfumo haujaanza, humo unachagua vitu, zima hiki, acha kile, nikachagua video ya usalama, picha ikaja. Baadae nilipoinstoli kwenye diski nikajaribu tena kwa draiva yenyewe ya Intel, ile programu ya kuendesha picha, ikakubali, nadhani ni ule waya wa skrini ya nje niliokuwa nimeuacha umechomekwa, hii mashine ilikuwa inatuma picha nje. Na fleshi ikishawaka inakuuliza, unataka kujaribu au kuinstoli? Chagua kujaribu, hadidiski yako haiguswi.

ANITHA: Lakini kusema ukweli, nimeona mwenyewe ukiiwasha, na hiyo diski ya kuzunguka, hujamaliza kufunga kamba za kiatu deskitopu ipo. Hapo nilinyamaza.

SHABANI: Na ulipochezea madirisha je?

ANITHA: Ah ile nimeipenda bwana. Unashikilia kile kitufe chenye alama ya Windows, unaburuta dirisha moja unaliweka juu ya kichwa cha lingine, yanashikana, yanakuwa kama kurasa za faili moja, ukisogeza yanasogea pamoja. Nikaweka barua ya mteja na orodha yangu ya bei, tap tap, nahama. Mi dukani nafungua madirisha kumi napotelea humo.

SHABANI: Na mafaili?

ANITHA: Hapo ndo alinikamata. Jamani, faili kwenye hii kitu linabeba taarifa zake lenyewe. Kuna faili za watu, ukitengeneza faili la mteja linakuwa na jina, simu, anuani, na folda inakuonyesha safu kama daftari, unapanga kwa jina, unapanga kwa simu, unatafuta inaleta papo hapo bila kufungua programu yoyote. Nikamuuliza fundi, naweza kuongeza safu ya deni?

SHABANI: Nikamwambia unaweza, unaenda kwenye mipangilio ya aina za mafaili unaongeza. Macho yakamtoka.

ANITHA: Si una wadaiwa wewe? Mi nina mpaka wa Ujiji na Kibirizi!

SHABANI: Sasa angalizo, hizo taarifa zinakaa kwenye mfumo wake wa mafaili, BFS. Ukilikopi lile faili kwenye fleshi ya kawaida ya FAT32, ule mpangilio wa mafaili wa fleshi nyingi, ukalipeleka kwenye Windows, deni linabaki njiani, linafika jina la faili tu. Ukitaka kulihamisha libane kwa zip ya humohumo Haiku, hiyo inazibeba, na ulifungulie kwenye Haiku nyingine.

ANITHA: Yaani wadaiwa wangu wangependa sana nitumie FAT32.

SHABANI: [anacheka] Kitu kingine kuhusu BFS. Hii laptopu betri ilishakufa zamani, inaishi kwa chaja tu, na pamoja na kwamba siku hizi Kigoma tuko kwenye gridi ya taifa, tumeachana na yale majenereta, umeme bado una siku zake. Juzi niko katikati ya kukopi, pu, giza. Umeme uliporudi nikajua leo nainstoli upya. Ikawaka kama hakuna kilichotokea, kwa sababu mfumo wa mafaili una jono, unaandika kwanza inachotaka kufanya ndo inafanya, ikikatwa inarudi kusoma pale ilipoishia. Faili lililokuwa linakopiwa halikukamilika, hilo ni halali yake, mengine yote yapo.

ANITHA: Na kulala? Mi nikifunga mfuniko nataka ilale.

SHABANI: Hailali. Hicho hakijafika bado, ukifunga mfuniko inaendelea kuwaka. Kwa yangu isiyo na betri hainisumbui, kwa mtu wa kutembea nayo ni tatizo kubwa tu. Na haina mambo ya kuingia kwa watumiaji tofauti tofauti, anayekaa mbele yake ndo bosi.

ANITHA: Dukani hapo imeshafeli, vijana wangu wote mabosi?

SHABANI: Twende intaneti sasa, maana hapa ndo nilitaka tukae. Waifai iliiona, draiva zao nyingi za mtandao wameazima FreeBSD na OpenBSD, mifumo mingine ya bure, kwa hiyo kadi za zamani za Intel kwa kawaida hazisumbui. Ila nilichofurahi zaidi ni hiki, tangu beta4 unachomeka simu ya Android kwa waya, unawasha tethering, yaani simu inagawa bando lake, inaingia mtandaoni. Kwa huku kwetu ambako intaneti ya mtu ni bando la simu, hiyo ni kila kitu. Nikafungua kile kipimo chao cha matumizi, mfumo mzima umekaa tu, haujafika hata nusu giga ya ramu.

ANITHA: Alafu ukafungua brauza.

SHABANI: Alafu nikafungua brauza. Kurasa nyepesi za habari, maandishi na picha, sawa tu kwa brauza yao ya WebPositive. Nikaenda kwenye ukurasa wenye video na matangazo na vitu vinavyoruka ruka, ukurasa MMOJA, ule mstari wa ramu ukapanda kama mtu anakimbia ngazi, prosesa zote mbili zimejaa, feni inalia. Nikajaribu brauza nyingine, Falkon, unaipata humohumo kwenye HaikuDepot, duka lao la programu, kurasa nyingi zaidi zinafunguka vizuri lakini kuhema ni kulekule. Hakuna msaada wa kadi ya video, kila kitu prosesa inabeba kwa kichwa. Faili la video la kawaida lililo kwenye diski linacheza freshi kabisa, ila video hiyohiyo ukiitaka kupitia brauza unaomba Mungu.

ANITHA: Kwa hiyo kosa sio la Haiku.

SHABANI: Ndo ninachotaka kusema leo. Watu wananiletea laptopu wanasema fundi Windows imekuwa nzito, niwekee kitu chepesi, na mi naweza kuweka chepesi mpaka basi, lakini anachokifungua siku nzima ni brauza, na kurasa za siku hizi zimetengenezwa na mtu mwenye ramu giga kumi na sita mezani kwake. Hata ile Linux yako nyepesi, Debian na deskitopu ya Xfce, ukiwa na giga mbili utakimbia mpaka mlangoni mwa brauza alafu mnahema wote.

ANITHA: Lakini Debian ingenilalia nikifunga mfuniko, ingekuwa na akaunti ya kila kijana, na printa yangu ingeitambua. Mbona usiniwekee hiyo?

SHABANI: Ya dukani kwako nakuwekea hiyohiyo, na kabla ya hapo tunabadilisha diski tunaweka SSD, ile isiyozunguka, na ramu kama bodi inakubali. Mashine ya kuingizia hela siiwekei beta. Hii hapa ni ya majaribio, haina mwenyewe, nilichukua kwa bei ya chuma chakavu.

ANITHA: Sasa majaribio ya nini kama huitumii? Unajifurahisha tu?

SHABANI: Kujifurahisha kupo, siwezi kukataa. Lakini fikiria, mprogramu wa huko Ulaya au Marekani anayeandika hizi draiva, hii laptopu kwake ilishatupwa zamani, hana ya kujaribia. Mi ninazo rafu nzima. Ile siku nimechomoa modemu ya USB ghafla mfumo ukaanguka, skrini ikajaa maandishi, mwisho limesimama neno kdebug, linasubiri uandike. Huo sio mwisho wa dunia, unaandika bt unapiga enta, inakuorodheshea ilikuwa inafanya nini ikaanguka, unapiga picha kwa simu, hiyo picha ndo dhahabu.

ANITHA: Alafu unawatumia.

SHABANI: Unatafuta kwanza kama kuna mtu amesharipoti, maana mara nyingi yupo. Kama hayupo, unaandika ilikuwa toleo gani hasa, ulifanya nini hatua kwa hatua, unafungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, unaandika listdev, inatoa orodha ya vifaa vyote vilivyomo, unabandika, unaambatanisha na faili la syslog, kumbukumbu za mfumo. Na ukiweza jaribu na yale matoleo wanayotoa kila siku uone kama tatizo bado lipo, kwa sababu beta5 ni ya 2024, huenda lilishatengenezwa. Usiandike "haifanyi kazi" ukaishia hapo, hiyo nami nikiletewa hapa kibandani nachukia.

ANITHA: Mimi huwa nakuandikia hivyohivyo.

SHABANI: Najua.

ANITHA: Kuna swali la msikilizaji wa Kasulu, anauliza ana netibuku ndogo yenye prosesa ya Atom ya biti 32, ramu giga moja, itaingia? Na fleshi iwe ya ukubwa gani?

SHABANI: Achukue ile ya biti 32, kiwango cha chini wanachotaja ni ramu mega 384, kwa hiyo kuwaka itawaka, kuandika na kusikiliza muziki sawa, brauza asitegemee sana. Fleshi giga nne inatosha, na ahamishe kilichomo kwanza maana inafutwa yote. Kama anaandikia kwa programu ya Rufus kwenye Windows, ikimuuliza achague ile njia ya DD, inayonakili faili kama lilivyo.

ANITHA: Na kama skrini ikawa nyeusi?

SHABANI: Shift tangu mwanzo, video ya usalama. Akishindwa aje nayo hapa, nauli ya Kasulu mpaka Mwanga ajilipie mwenyewe.

ANITHA: Haya, hicho ndo kipindi cha leo, mi narudi dukani. Fundi, hiyo SSD unanifungia lini?