Beji ya tai: usisugue, niambie kwanza ilikutwa wapi

Kamwene! Karibuni. Utangulizi wa vita siutoi, hapa Iringa kila mtu babu yake alikuwa askari wa Mjerumani au wa Keya, yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, au alibebeshwa mizigo yao. Mimi niko na ishu moja, na wanaonijua wanajua nitaanza na hiyohiyo: usisugue!

Mtu anachimba msingi wa nyumba, anakuta kabeji kana kutu ya kijani, mbio kwenye stilwaya na majivu na ndimu, anasugua mpaka kanawaka, afu ndo ananiletea, mwalimu hii ya jeshi gani? Umeshafuta baba. Zile herufi ndogondogo, ile rangi ya fedha iliyopakwa juu, vyote umevimwaga na maji ya beseni. Sasa nisome nini?

Kuna mama mmoja wa Ifunda alinipigia mwaka jana, kakuta beji ya tai shambani. Akaenda nayo mjini kwa dalali, dalali akaigeuza mara moja tu akasema mama hii ni ya Mjerumani, ina tai, hii hela. Mnawajua hawa watu, ndo haohao wa rupia na zebaki nyekundu. Wakishasikia Mjerumani basi, shamba zima linachimbwa usiku watu wanatafuta sanduku la hazina. Na mwanae alikuwa ameshaanza kusugua, bawa moja linang'aa, jingine bado jeusi.

Nikamwambia mama acha, usiguse tena, niletee hivyohivyo. Nikaitazama. Tai wa Mjerumani, yule aliyekuwa kwenye kofia za askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huku, ana ngao ndogo kifuani, na taji linaelea juu ya kichwa, halijamgusa. Huyu wa mama kifua kitupu, taji amelivaa kabisa kichwani, na chini ya kucha amekanyaga ngao. Huyo ni tai wa jeshi la Poland jamani! Mtu atasema Poland na Ifunda wapi na wapi. Kwani hamjui? Kuanzia 1942 Waingereza walileta huku wakimbizi wa Kipolandi, waliotoka Urusi kupitia Iran, wakawekwa kambini Ifunda, wakawekwa na Kidugala kule Njombe. Wengi wanawake na watoto, na wanaume wao wako jeshini, wengine 1944 walikuwa Italia wanapigania Monte Cassino. Kwa hiyo beji ya jeshi imetoka kwenye kambi ya akina mama. Kwa nini ilikuwa pale? Mimi nadhani ni ya mume wa mtu, au mtoto wa mtu, na kuna mwanamke alikuwa anaitunza. Hiyo ndo dalali alitaka kuinunua kama chuma cha Mjerumani.

Najua vijana mtaniambia mwalimu siku hizi unapiga picha simu inakutafutia. Sawa, simu itakuambia huyu ni tai. Itajua beji imetoka shamba la Ifunda? Ungeniletea beji hiyohiyo bila kuniambia mahali ningeweza kukosea hata mimi. Tukuyu vilevile, majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalipita pale Mei 1916 yakitokea Nyasaland, Malawi ya leo, Agosti yako hapa Iringa, na ndani yake kuna watu wa Nyasaland, wa Rhodesia, wa Afrika Kusini, kila kundi na nembo yake. Usipoandika ulichimbua wapi, umezika nusu ya habari.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Beji ya tarumbeta yenye namba hapo kati, fikiria Keya kwanza, na 6 ndo kikosi cha Tanganyika. Taji la Kiingereza: likiwa la duara juu kama kuba ni la enzi za wafalme, 1901 mpaka 1952, likibonyea katikati ni la Malkia Elizabeth. Kichwa cha twiga ni nembo ya Tanganyika ya Mwingereza, sio lazima jeshi, serikali ilikuwa na idara kibao. Jina la Gaunt au Firmin nyuma ni mtengenezaji, sio kikosi, acheni kuniletea "jeshi la Gaunt"! Na nyuma pigeni picha kila mara, vile vishikizo ndo vinasema. Beji halisi nyingi zimegandamizwa, mgongo una mashimo yanayofuata sura ya mbele, za kumimina zina vitobotobo na sura imefifia, japo zipo za kumimina ambazo ni halisi, hilo tutaongea siku nyingine.

Mama wa Ifunda yuko hapa mstari wa mbele, kaja na tai wake kwenye kitambaa, bawa moja bado jeusi. Pangeni foleni muone, ila hakuna kushika.