Ultrasaundi ya ini kando ya Ziwa: picha ikishapigwa, nini kinafuata?

(Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya waganga wafawidhi, wataalamu wa maabara na madiwani wa mwambao wa Ziwa)

Mwangaluka, ndugu zangu. Kichocho sitawaeleza ni nini. Aliyekulia Igombe, Kome au Nansio amekijua kabla hajajua kusoma, na nyinyi wa maabara mmehesabu mayai ya minyoo yake yenye mwiba ubavuni mpaka macho yakauma. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila nikishika kipaza sauti. Nalirudia leo kwa sababu maombi ya mashine bado yanaandikwa vilevile.

Ombi husema hivi: kituo chetu kiko ziwani, kichocho ni kingi, tunaomba ultrasaundi. Basi, na sahihi. Hakuna mstari unaosema kwamba picha ikionyesha makovu ya ini, mgonjwa atafanyiwa jambo gani ambalo asingefanyiwa bila picha. Mimi naudai mstari huo.

Mwaka 1991 Wamarekani wawili, Fryback na Thornbury, walizipanga ngazi 6 za kupimia kifaa cha picha. Kwanza, je, picha yenyewe inaonekana vizuri? Pili, inamtofautisha mgonjwa na mzima? Tatu, inabadilisha mawazo ya daktari? Nne, inabadilisha tiba? Tano, mgonjwa anapata nafuu kwa sababu hiyo? Sita, jamii imepata kitu kinacholingana na fedha iliyotoa? Muuzaji anakuonyesha ngazi ya kwanza kwenye kioo chake, wewe unafurahi, unasaini. Tafiti nyingi za vipimo nazo huishia ngazi ya pili. Mgonjwa wa Ukerewe anayetapika damu usiku yuko ngazi ya tano, na huko ndiko ushahidi ulikopungua.

Lakini hata hiyo ngazi ya kwanza tunaichukulia kwa wepesi mno, na hapa nitakaa kidogo.

Mayai ya kichocho cha tumbo yakikwama kwenye matawi ya mshipa unaoleta damu kwenye ini kutoka tumboni, mwili huyazungushia uvimbe mdogo, na uvimbe huacha kovu. Makovu hufuata mshipa. Ndiyo maana kwenye ultrasaundi tunatafuta kuta nene, nyeupe, kandokando ya mishipa hiyo. Wataalamu waliokutana Niamey, Niger, mwaka 1996 walikubaliana namna moja ya kusoma picha, na Shirika la Afya Duniani likaichapisha mwaka 2000. A ni ini la kawaida. B ni vidoto vyeupe vilivyotapakaa kama anga yenye nyota. C ni pete na vijiti vyeupe, mshipa ukikatwa kwa upana au kwa urefu. D ni weupe mnene pale mshipa mkuu unapogawanyika. E ni mabaka. F ni michirizi inayofika hadi ukingoni mwa ini, kama ukucha wa ndege.

Tazameni B. Vidoto vyeupe vilivyotapakaa. Sasa chukueni mtu mzima kabisa, mlazeni, kisha pandisheni kitufe cha kuongeza nguvu ya picha kupita kiasi. Mtapata anga yenye nyota! Nyota hizo zimetoka kwenye kidole cha mpimaji, na jioni zinaingia kwenye takwimu za wilaya kama ugonjwa wa ini.

Kwa hiyo kabla ya kutazama ini, tazama kitu chenye majimaji: kibofu cha nyongo, au mshipa mkubwa wa damu ulio nyuma ya ini. Ndani yake panapaswa kuwa peusi. Pakiwa na kijivu, punguza nguvu ya picha mpaka pawe peusi. Kisha weka ini na figo la kulia kwenye picha moja. Kwa kawaida ini hulingana na figo au hulizidi weupe kidogo tu. Zile swichi ndogo za kuteleza zinazorekebisha picha kwa kina zianze zote katikati, ndipo usogeze moja moja. Tumia probu, yaani kile kishikio kinachopitishwa juu ya ngozi, ya mviringo ya megahezi 3.5 hivi kwa mtu mzima. Ukichukua ile bapa ya masafa ya juu kwa sababu "inaonyesha safi", utaona ngozi na ukingo wa ini vizuri sana, na ndani hutafika.

Mgonjwa awe hajala kwa saa 6 hadi 8. Mlo hupanua mshipa unaokwenda kwenye ini na kukikunja kibofu cha nyongo. Ukimpima mvuvi aliyetoka kula ugali na dagaa, utaandika kwamba mshipa umevimba, kumbe ni chakula. Na kipenyo cha mshipa huo hulinganishwa na urefu wa mtu: namba ileile ni ya kawaida kwa mwanamume mrefu, na ni tatizo kwa mtoto wa darasa la tatu. Kituo kisicho na kipimo cha urefu ukutani hakijawa tayari kwa ultrasaundi ya kichocho. Kipimo hicho ni ubao tu.

Probu nayo huharibika kimyakimya. Ikianguka sakafuni mara moja, baadhi ya fuwele zake zinazotoa na kupokea sauti hufa, na picha hupata mstari mweusi wa wima ambao mpimaji huzoea kuuona. Paka jeli kidogo, pitisha ncha ya klipu ya karatasi polepole toka upande mmoja hadi mwingine huku ukitazama kioo. Kila klipu inapopita juu ya fuwele hai utaona mng'ao. Pasipo na mng'ao, pamekufa. Dakika 2, kila mwezi. Na msifute uso wa probu kwa spiriti kama kitabu cha mashine hakiruhusu. Mpira wake hukauka, ukapasuka.

Mtu ataniambia: haya ni makosa madogo madogo, mgonjwa mwenyewe ataonekana tu. Sawa, tuhesabu. Hii ni hesabu ya mfano, wala sikuitoa kwenye takwimu za kijiji chochote. Watu 1,000 wa kambi ya uvuvi, 100 kati yao wana makovu ya kweli. Mpimaji wetu anawanasa 90. Kati ya wazima 900 anakosea 1 katika kila 10, yaani anawaita wagonjwa watu 90. Mkononi una vyeti 180, nusu ni vya uongo. Sasa nguvu ya picha imepandishwa, anakosea 3 katika kila 10. Wagonjwa wa uongo wanakuwa 270, wa kweli ni walewale 90. Katika kila watu 4 unaowapandisha meli kuja Mwanza, 3 hawana ugonjwa huo. Wamelipa nauli, wameacha nyavu, wamelala kwa ndugu siku 3.

Chukua mashine hiyohiyo, na mpimaji yule mzuri anayekosea 1 tu kati ya 10, upeleke kwenye mtaa ulio mbali na maji, ambako wenye makovu ni 10 kati ya 1,000. Unanasa 9, unawabandikia ugonjwa wazima 99. Kati ya 108, wa kweli ni 9. Kifaa hakikubadilika, mpimaji hakubadilika, waliobadilika ni watu waliopangwa foleni. Ndiyo maana ripoti inayosema "kipimo hiki kina usahihi wa asilimia 90", bila kusema kilipimwa kwa nani, mimi huirudisha. Wakichukua wagonjwa mahututi wa wodini na wanafunzi wa uuguzi wenye afya, hata kiganja juu ya bandama kitapata alama nzuri. Kipimo kijaribiwe kwa wale wenye shaka, maana ndio watakaopimwa nacho.

Na wasomaji wawili wakubaliane. Msidanganywe na "tulikubaliana kwa asilimia 80". Watu 50, kila msomaji anasema 10 wana makovu. Wote wawili wanawataja 5 tu walewale, na 35 wote wanasema wazima. Jumla 40 kati ya 50, asilimia 80, kila mtu anapiga makofi. Lakini kwa bahati tupu wangekubaliana asilimia 68. Ukiondoa bahati, kapa, yaani kipimo cha makubaliano yaliyozidi bahati, ni 0.375, nayo ni hafifu. Kati ya wagonjwa 10 wa kila mmoja, nusu mwenzake hawaoni! Kila msomaji asome peke yake, bila kuona jibu la mwenzake wala la kipimo cha choo.

Najua lipo swali hapa: dawa ya kichocho inagawiwa kwa jamii nzima, picha ya nini? Swali zuri, na jibu langu ni kwamba kwa dawa hiyo, prazikwanteli, picha haibadilishi kitu. Miligramu 40 kwa kila kilo, mtu wa kilo 60 apewe miligramu 2,400, vidonge 4 vya 600, baada ya chakula. Hilo linaamuliwa na kiwango cha maambukizi katika jamii, na kiwango hicho anakijua mtu wa maabara kwa Kato-Katz, kipimo cha choo kwa hadubini: kitundu cha miligramu 41.7, hesabu mayai, zidisha kwa 24. Akiona yai 1 anaandika 24 kwa gramu. Asipoona hata moja bado hajamwondoa mtu mwenye minyoo michache, kwa hiyo apime choo cha siku zaidi ya moja. Ultrasaundi hapo haina kazi. Wala msimrudishe mtu wiki 6 baada ya dawa "tuone kama ini limepona". Makovu mepesi, hasa ya watoto, hupungua kwa miezi na miaka. Yale mazito mara nyingi hubaki.

Picha inafanya kazi mahali pamoja: kumpata mtu ambaye shinikizo la damu inayokwenda kwenye ini limepanda, mishipa ya umio imevimba, na bado hajatapika damu. Huyo anahitaji endoskopia, yaani bomba lenye kamera linalopitishwa kinywani kutazama umio. Mishipa ikionekana mikubwa, kuna kuifunga kwa mpira na kurudia kila baada ya wiki chache mpaka iishe, au kumpa propranololi, dawa ya kushusha shinikizo hilo, ila si mwenye pumu. Anahitaji kuambiwa aache dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na aspirini. Anahitaji kujua kwamba choo cheusi kama lami ni dharura, asingoje asubuhi. Na asidanganywe na macho meupe: ini la kichocho hufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, manjano huchelewa, mtu anavuta nyavu leo na kesho anatapika beseni la damu. Ukingo wa ini ukiwa na vinundu, fikiria homa ya ini B, mpime, kwa sababu tiba yake ni nyingine.

Kwa hiyo ombi lenye maana linaandikwa hivi: tutapima watu wazima wa kambi za uvuvi wenye bandama kubwa au waliowahi kuona choo cheusi. Wenye C na kuendelea watapelekwa endoskopia siku fulani ya mwezi, nauli italipwa kutoka kifungu hiki, na aliyefika na asiyefika ataandikwa. Kama hakuna anayefika endoskopia, mashine hiyo kwa kichocho itabaki ngazi ya pili. Wajawazito wataitumia, vema, basi iombwe kwa ajili ya wajawazito na ipimwe kwa kazi hiyo.

Muda naona umekwisha. Programu za kompyuta za kusoma picha nilitaka kuzieleza kwa kirefu. Kwa ufupi tu: zimefunzwa na picha zilizosomwa na watu, na walipokosea watu nazo zitakosea, tena kwenye mashine ya aina nyingine zijaribiwe upya. Umeme: kidhibiti cha volti kinunuliwe siku moja na mashine. Gharama ya matengenezo iandikwe ya miaka 5.

La mwisho ni daftari. Daftari la ultrasaundi lina jina, umri, kijiji, matokeo. Chukueni rula, mchore safu moja zaidi upande wa kulia, iitwe "kilichoamuliwa baada ya picha", na baada ya miezi 3 mhesabu ni mistari mingapi imeandikwa "hakuna". Namba hiyo nileteeni.